Maji ya Bibi wa Mkunya

Wengine hupeleka sukari kwa bibi zao. Sisi wa Masasi, enzi za Mwingereza, tulipeleka maji. Bibi yetu mzaa mama alikaa Mkunya, juu kule Newala, ambako kupata ndoo moja ni kushuka bondeni na kupanda tena. Basi mama alijaza debe, akatandaza majani juu yake maji yasimwagike, tukapanda lori. Mimi na dada tulilikumbatia kama kitoto kichanga. Kila kona tulipiga kelele, "Hayajamwagika!" na abiria wote wakashangilia.

Katikati ya mlima lori likachemsha. Dereva akaja nyuma, kofia mkononi.

"Mama, naomba hayo maji."

"Haya ni ya mama yangu!"

"Bila hayo, mama yako hakuoni leo."

Mama alilitazama debe, akatutazama sisi, akaangua kicheko mpaka akajishika mbavu. Lori likanywa yote.

Kwa aibu, dereva alitushusha mlangoni kabisa kwa bibi. Debe lilikuwa na majani matupu.

"Shikamoo, bibi. Lori limekunywa maji yako!" tukasema mimi na dada.

Bibi hakununa. Alilizunguka lori polepole, akalipapasa boneti. "Umeshiba, mjukuu wangu?"

Dereva akapiga honi.

"Marahaba," bibi akaitikia.

Ndiyo maana hadi leo lori likinipigia honi nipishe njia, sikasiriki. Huenda ni ndugu.