Mwali wa Vidonge

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa bado navaa sketi za shule ya msingi. Zilinitosha, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Wadogo zangu wote walinipita kimo. Pale kwetu Kibaha, kila nilipoingia dukani mwenye duka aliniuliza mama amenituma nini, nami nilimjibu kwa hasira mpaka akazoea kunikwepa.

Kwao baba ni Kisarawe. Huko msichana akivunja ungo huwekwa ndani, hufundwa na kungwi, kisha hutolewa nje kwa ngoma. Huyo ndiye mwali. Kabla ya hapo, hata uwe na vyeti vya kujaza sanduku, wewe ni mtoto. Nilihudhuria ngoma za mabinti wa shangazi yangu, wote wamezaliwa nyuma yangu, na kila mara mlango wa chumba cha mafunzo ulifungwa nikiwa nje, nikibangua korosho na watoto. Wanawake walinitazama kwa huruma. Niliichukia huruma ile kuliko matusi.

Mama alipochoka kusubiri alinipeleka hospitali, Dar. Muuguzi alituonyesha foleni ya watoto bila hata kuniuliza umri. Nikatolewa damu, nikapigwa ultrasound, na majibu yalipokuja, daktari, mwanamke wa makamo, aliongea na mimi badala ya kuongea na mama.

"Mwanangu, wanawake wengi wana kromosomu mbili za X. Wewe unayo moja iliyo kamili. Ndiyo maana hukurefuka, na ovari zako hazikukomaa. Hujakosea kitu, wala mama yako hajakosea. Ulizaliwa hivyo."

Alisema vidonge vitaniotesha matiti na baadaye vitaniletea damu ya kila mwezi. Mayai havitaleta. Mama aliuliza habari za ndoa. Mimi niliuliza kama damu hiyo itakuwa ya kweli.

"Ni ya kweli," alisema.

Tukiwa njiani kurudi, mama alisema haya yabaki kati yetu. Nilikubali haraka, maana tayari nilikuwa nimeshaanza kuiona ngoma yangu.

Damu ilikuja asubuhi moja, baada ya miezi mingi ya kumeza vidonge. Kwa desturi yetu msichana hamwambii mama yake mzazi, humwambia shangazi au bibi. Mama alijua kila kitu, hata dawa alinikumbusha yeye, lakini siku hiyo alinipa simu na kugeuza uso kama vile hajui lolote.

"Mpigie shangazi yako."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie umekua."

Shangazi alipiga kigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilifurahi mpaka nikalia.

Niliwekwa ndani Kisarawe, kwenye chumba chenye mkeka na dirisha lililozibwa kwa kanga. Vidonge nilivificha ndani ya foronya, nikavimeza walipokwenda kuswali. Wanawake waliingia na kutoka, wakaimba kwamba nitaijaza nyumba watoto, na mimi nikakaa katikati yao kichwa chini kama mwali anavyotakiwa. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa katika chumba kile kilichojaa watu. Niliamini kwamba wakijua, ngoma itanyamaza na nitarudishwa kwenye korosho.

Kungwi alinifunda usafi, akanifunda mume, akanifunda mawifi na ulimi wa kuishi nao. Siku ya mwisho, jua bado liko juu, alisimama akakung'uta kanga yake.

"Basi mwali, tumemaliza."

Hawakuwa wamemaliza. Binti wa shangazi alishanidokeza kwamba kuna siku nzima ya kufundishwa kuzaa, na kwamba hiyo ndiyo ya mwisho.

"Bado kuzaa," nilisema.

Mwali hatakiwi kusema. Kungwi alimtazama shangazi. Shangazi alitazama mkeka.

"Hilo tumeona tusikuchoshe, mwanangu," shangazi alisema.

Hapo nikaelewa. Mama alikuwa amewaambia tangu mwanzo. Siku zote zile nilikuwa nawaficha kitu ambacho wote walikijua, nao waliimba huku wakinificha kwamba wanajua. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Nje uani nilimsikia mama akikuna nazi; mama mzazi haingii chumba hicho.

"Nifundeni na hilo," nilisema. "Kama mlivyowafunda wenzangu. Msiniruke."

Kungwi akakaa tena mkekani. Alinifunda yote kwa sauti ya chini: uchungu unavyoanza, pa kushika, wakati wa kusukuma na wakati wa kuacha. Hakupunguza kitu. Mwisho aliivua kanga yake ya juu, akaikunja ikawa kichanga, akakifunika kichwa, akanipa. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaishika shingo kama alivyoniagiza.

Hapo ndipo wanawake hupiga vigelegele. Nilisubiri. Hakuna aliyepiga, na uani mama hakuacha kukuna nazi.