Wifi Alivyojifunza Kulegeza

Wifi yangu amesuka nywele za watu kwa miaka kumi na tisa, na katika muda wote huo hajawahi kumdanganya mteja. Mtu akikaa kwenye kiti chake na kumwonyesha picha ya mtindo anaoutaka, wifi anaitazama picha, anautazama uso, kisha anasema, "Huu haukufai." Wengine waliinuka wakaenda zao. Waliobaki walitosha kumlipia kodi ya chumba na sebule, na kumpa jeuri ya kuishi peke yake bila kumwomba kaka yake hata kiberiti. Kaka yake ndiye mume wangu.

Mwaka jana mwenye jengo aliuza jengo. Saluni ya wifi ilikuwa chini, kati ya duka la vifaa vya shule na fundi saa, na wote watatu wakapewa barua za kufanana: mwisho wa mwezi watoke. Fundi saa akasema alikuwa amechoka siku nyingi. Mwenye duka alikuwa na tawi jingine. Wifi alikuwa na viti viwili, vioo viwili na mgongo unaouma.

Mume wangu akatoa uamuzi tukiwa mezani, bila kuacha kutafuna. "Bila saluni atalipaje kodi? Atakuja kukaa hapa. Kile chumba cha nyuma si kipo?"

Chumba cha nyuma kipo, na aliyemo ndani ni mimi. Kuna cherehani yangu, meza ya kukatia, na marobota ya kitambaa cha sare za shule, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Mume wangu huingia mle mara mbili kwa mwaka kutafuta mkasi, kwa hiyo kwake yeye ni chumba kitupu. Nikamwongezea mchuzi. Nampenda wifi yangu, na ninampenda vizuri zaidi akiwa kwake. Naye, nilikuja kujua baadaye, alipoletewa habari ile alisuka siku nzima bila kufungua mdomo, hadi wateja wakadhani anaumwa jino.

Habari za kazi mpya alizipata akiwa nyuma ya kichwa cha mtu, kama anavyopata habari zake zote. Alikuja mama mmoja aliyevaa kitambulisho shingoni hata siku ya mapumziko, akataka rasta ndogondogo, kazi ya saa sita. Ilipofika saa ya pili akapigiwa simu, akaanza kulalamika kwamba hana watu. Kumbe ni meneja wa kituo cha data, lile jengo lisilo na madirisha nyuma ya kiwanda cha unga, ambalo sisi sote tulidhani ni ghala.

Alipokata simu, wifi akamuuliza, "Watu wa kompyuta?"

"Wa kompyuta ninao. Wanaonitesa ni hao wengine." Akaanza kueleza, na muda alikuwa nao. Seva zenyewe, zile kompyuta za kutunza data, alisema, ni kama mgonjwa aliyelazwa: yeye hatoki kitandani, lakini hesabu watu wanaomzunguka. Wapo wa umeme na jenereta. Wapo wa mitambo ya ubaridi. Wapo walinzi, wapo wa usafi, wapo wa kupandisha mashine kwenye makabati, wapo wa kupanga nyaya.

Wifi akazipitia kazi zile moja moja huku vidole vikienda. Umeme hapana, mashine ya kukaushia nywele iliwahi kumbwaga chini. Ubaridi unadai cheti. Usafi unadai kuinama, na mgongo ndio huo. Ulinzi unadai kukaa peke yako na kunyamaza. "Hizo nyaya," akauliza, "zinakaaje?"

Yule mama akampa simu aone picha. Wifi akaitazama kama anavyotazama picha zote. "Hapa kwenye kona aliyepanga amepoteza mstari. Ona huu, umepanda juu ya wenzake."

Mama akageuka ghafla, na rasta ikiwa bado mkononi mwa wifi. "Lile kabati tulilirudia," akasema, akishika kichwa. Kabla ya saa ya sita kwisha alikuwa amempa nafasi ya majaribio ya siku tatu, pamoja na vijana wawili wenye diploma. Wangechukua mtu mmoja.

Nilimshonea suruali yenye mifuko sita, usiku na mchana sikuweka mkono chini. Majirani wakasema nina moyo mzuri. Mimi nilikuwa naitetea meza yangu ya kukatia.

Siku ya kwanza aliniletea habari zote jioni, kwa mpangilio, kwa sababu wifi akisimulia haruki hatua. Mbele ya makabati kunavuma baridi na nyuma yake kuna joto la kuivishia maembe, kwa hiyo ukilizunguka kabati moja unavaa sweta na kulivua. Feni zinapiga kelele moja isiyokata, watu wanaelewana kwa mikono. Walimfunga mkanda wa mkononi wenye waya, ili umeme wa mwilini usiunguze mashine. Chanuo lake la chuma lilichukuliwa mlangoni, akapewa risiti. Kisha wakamwonyesha kabati la mashine za majaribio na nyaya mia mbili, nusu za shaba na nusu za faiba. Hii faiba ndani yake ni uzi wa kioo, na kinachopita mle ni mwanga.

Kufika jioni kabati lilikuwa tayari. Mafungu ya nyaya ishirini ishirini yalishuka sambamba na kukata kona pamoja, hakuna waya hata mmoja ulionyanyua kichwa. Watu wa vyumba vingine wakaja kuangalia. Mle ndani ni marufuku kupiga picha. Mlinzi akapita akimkumbusha kila mtu, kisha na yeye akapiga.

Siku ya pili asubuhi wakawasha mashine. Sita hazikujibu.

Fundi mkuu, mtu mwembamba anayeongea kana kwamba maneno yanauzwa, akashika mojawapo ya zile kona. "Umekaza," akasema. Faiba ukiikunja kwa nguvu, mwanga unashindwa kupinda kona, na mashine ya upande wa pili haisikii kitu. Vijana wa diploma walikuwa wamefundishwa hilo mwaka wa kwanza. Fundi mkuu akamwambia arekebishe kesho, kwa kuwa siku hiyo yote mashine zinapimwa, akaondoka.

Jioni ile wifi hakupita kwake. Alikuja moja kwa moja kwetu akanikuta nashona kola, akaketi juu ya robota la kitambaa akiwa bado na viatu vyake vya kazini.

"Wifi," akasema, "mimi nakaza?"

Sasa nieleze. Kwa miaka kumi na tisa wifi amenisuka bure kila mwezi, na kila mwezi siku mbili za kwanza nimelala nimekaa, mgongo ukutani. Nyusi zangu hupanda hadi wateja wangu wanadhani nimeshtushwa na vipimo vyao. Sikuwahi kusema. Nilikuwa nasukwa bure, ningelalamika kwa nani? Tena kila mtu alisifu kwamba rasta za wifi zinadumu, na zilidumu kweli, hazikuwa na pa kwenda. Mtu aliyewaambia nusu ya wanawake wa mji huu kwamba mtindo fulani hauwafai, sisi wote hatukuwahi kumwambia neno hilo moja. Jioni ile ningeweza kusema hapana, na angeniamini.

"Unakaza, wifi."

"Sana?"

"Nalala nimekaa."

Akafikiri. "Tangu lini?"

"Tangu harusi yangu."

Niliona aibu kubwa. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliigeuza mikono yake, akaitazama pande zote mbili. Halafu akavuta kiti na kukielekeza dirishani. "Kaa."

Akanifumua kichwa kizima, akaanza upya, na kazi yangu ikawa kusema. "Hapo?" Inauma. "Hapo?" Bado inauma. "Na hapo?" Hapo haiumi, lakini wifi, si itafumuka? "Sijakuuliza kufumuka." Mstari wa tisa ndipo mkono wake ulipopata kipimo, na kuanzia hapo hakuuliza tena. Mume wangu akaingia, akauliza chakula kiko wapi, tukamjibu wote wawili kwa pamoja. Siku hiyo nililala ubavu.

Siku ya tatu wifi aliomba kufumua kabati zima, si zile kona tu. Fundi mkuu akamwambia mafundi wengine hukata nyaya na kuweka mpya. Wifi akasema yeye hajawahi kumkata mteja. Akaanza kuutoa waya mmoja mmoja kwenye fungu lake bila kuuchomoa, akiufuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akiubandika karatasi yenye namba, safari hii mashine zikiwa zinafanya kazi, na hakuna hata moja iliyozimika. Vijana wa diploma walimaliza saa sita mchana wakaenda kunywa chai. Kengele ya kufunga ilipolia, kabati la wifi lilikuwa nusu limepangwa kwa mkono mpya, na nusu linaning'inia.

"Nimeshindwa," aliniambia jioni alipofika kwetu, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Ilikuwa Ijumaa, na saluni ilikuwa ifungwe Jumatano. Jumamosi nikaanza kuhama. Cherehani tuliibeba mimi na mume wangu hadi kwenye korido, ambako kila aendaye chooni ilibidi apite kiubavu. Meza ya kukatia tukaisimamisha nyuma ya mlango wa sebule, na mlango ukawa haufunguki wote. Marobota niliyasukuma chini ya kitanda chetu, na nikiwa bado nimeinama kule chini nikalia kidogo. Mume wangu akauliza kama nimeona mkasi. Kisha, kwa kuwa dirisha la kile chumba linatazama njia na wifi hapendi kuchunguliwa, nilitoa kitambaa changu kizuri ambacho si cha sare, nikashona pazia pale pale koridoni.

Jumatatu wakampigia. Kazi ya kupanga nyaya alipewa mmoja wa wale vijana, yule aliyemaliza wa kwanza. Lakini sakafu ya kile kituo ni ya vigae vya kuinuliwa, na chini yake kulikuwa na nyaya za miaka kumi na mmoja, zilizokufa na zilizo hai zimesokotana, na kila fundi aliyetumwa kuzitoa aliinua kigae, akatazama, akakirudisha. Ukivuta waya usioujua, unaweza kuzima mashine za benki. Fundi mkuu alikuwa amesimama nyuma ya wifi siku ya Ijumaa kwa saa nzima, akitazama anavyofumua, kisha akaenda kwa meneja akasema, "Yule." Kazi hiyo haikuwa kwenye orodha yoyote. Walimwambia itachukua miaka miwili, na kwamba wangetafuta jina la cheo baadaye. Kuhusu kuinama, walimpa kigoda cha magurudumu.

Wifi alinipa habari kwa simu. Nikampongeza kwa sauti kubwa, na mkono mmoja ulikuwa tayari umeshika cherehani.

Jumapili akaja kunisuka. Tulikaa kwenye chumba cha nyuma, kila kitu kikiwa mahali pake. Alikuwa na mazoea mapya ya kunyamaza, aliyoyapata kwenye kelele za feni, nikadhani hana la kusema.

"Wifi," akasema.

"Ee."

"Hiki chumba. Ulitaka nije?"

Nilikuwa nimeshamjibu swali moja la namna hiyo, na la pili halikuwa jepesi zaidi. "Hapana," nikasema.

"Mimi pia sikutaka."

Akaendelea kusuka. Mistari mitatu ilipita. Haikuuma hata kidogo, na bila maumivu ya kunishughulisha nilijikuta nasema jambo ambalo sikupanga kulisema.

"Lakini nilikuwa nimekushonea pazia."

Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu.

"La rangi gani?"

"Kijani."

Kisha vikaanza tena, akamaliza kichwa. Alipoondoka, pazia lilikuwa kwapani mwake. Dirisha la kwake ni dogo kuliko letu, kwa hiyo pazia linazidi kila upande na chini linaburuta sakafuni. Nimemwambia mara mbili alilete nilipunguze, ni kazi ya dakika kumi. Amekataa.