Inyamanza Juu, Vyura Chini

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa kibidoni cha maji cha lita tano, tuliishi Munigi, chini ya volkano, kwa bibi yangu, mzaa mama, aliyetoka mji mdogo wa Kiwanja. Bibi alimheshimu sana inyamanza, yule ndege mdogo mweusi na mweupe anayetembea uani akitikisa mkia. Kumpiga jiwe ilikuwa mwiko. Akija mlangoni asubuhi, siku imebarikiwa. Chura naye alifukuzwa kwa majivu ya moto, kwani walisema akikurukia utaota chunjua.

Asubuhi moja baada ya mvua, inyamanza alifika hadi kizingitini. Bibi akafurahi.

— Munaona? Mugeni amefika. Muende kuteka maji bila woga.

Maji tulishuka kuyateka ndani ya shimo la mawe meusi ya volkano. Nilikwenda na kaka yangu Bahati, na mbuzi wetu mmoja nyuma yetu. Kwa kawaida vyura wa pale walipiga kelele mpaka tukaziba masikio. Siku hiyo palikuwa kimya, wala upepo haukuvuma.

— Bahati, vyura wamenyamaza.

— Afazali! Ao unataka wakuimbie, weye muke ya chura?

— Mimi sishuke.

— Angalia inyamanza pale ukingoni, juu ya jiwe. Ndege ya Bibi iko nacheza, na weye unalilia chura!

Akamsukuma mbuzi atangulie. Mbuzi alishuka, akainama anywe, akapiga magoti, kisha akalala ubavu bila hata kulia. Bahati akatupa bidoni ashuke kumvuta. Nikamshika shati kwa nyuma, nikajibwaga chini kwa uzito wangu wote, nikapiga mayowe. Shati lilikuwa limeanza kuchanika pale mama mmoja aliyekuwa akilima jirani alipofika mbio na kumkamata mkono.

— Mazuku! Weye mutoto, unataka kufwa? Mbuzi imeshaenda, iache!

Mazuku tuliyajua kwa jina: pepo wabaya wanaolala mabondeni na kuua anayewakanyaga. Hatukujua kwamba wangehamia kwenye shimo letu. Majini vyura walielea, matumbo juu. Kwenye jiwe lake, inyamanza aliendelea kutikisa mkia.

Bibi hakutaja mbuzi. Alimshika Bahati kichwa kwa mikono miwili. Hakumlaani yule ndege, ila tangu siku hiyo hakututuma maji kabla hajasimama nje na kutega sikio upande wa shimo.

Baadaye, kabla sijaacha masomo, mwalimu alitueleza kwamba mazuku ni gazi, hewa nzito ya kuua inayotoka ardhini na kutulia chini asubuhi isiyo na upepo. Nilielewa. Hata hivyo niliendelea kujiuliza kama ndege wa Bibi alitudanganya. Sasa nadhani hapana. Pale alipokuwa, hewa ilikuwa nzuri, na yeye alitupa habari za juu. Sisi tulikuwa tunashuka. Habari za chini walikuwa nazo wanaoishi chini, na hao hakuna aliyetufundisha kuwasikiliza.