Nilimrudisha mke wangu kwao Chiola, kumbe kirusi huenda nilikileta mimi

Wakuu, salama? Hii sijatunga, nimeiishi. Mkinisema sitabisha.

Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa fundi cherehani Ruangwa. Mke wangu Somoe, mtu wa Chiola kule Nachingwea, alikuwa na mimba changa. Dada yangu akalazwa, nikaenda kumchukua mwanawe wa mwaka mmoja, nikamkabidhi Somoe.

Mtoto alikuwa na mafua mazito. Somoe akawa anamvuta kamasi kwa mdomo na kutema, kama mama zetu walivyotulea. Uji wake alionja kwa kijiko hicho hicho. Nikamsifu mpaka kwa majirani.

Binti yetu Zuhura akazaliwa kadogo mno. Alipofikisha mwaka, hata udondoshe sufuria nyuma yake, hageuki.

Maneno yakaanza. Mwanamke ana mkosi, kwao kuna jambo. Nami, mjinga kuliko wote, nikayaamini. Nikawapandisha lori la korosho, wakarudi Chiola.

Zuhura alipokuwa na miaka saba hivi, ameshaanza shule ya viziwi, daktari aliyemwona akataka kuongea na baba yake. Nikaenda.

"Baba Zuhura, nahisi ni kirusi kinaitwa CMV," akasema. "Wengi tunacho tangu utotoni, hata mama Zuhura huenda alikuwa nacho. Ila kina aina tofauti tofauti. Ni kama muhogo, mbegu zipo nyingi. Mwenye mbegu moja anaweza kupata nyingine, na akiwa mjamzito ikamfikia mtoto tumboni. Kinakaa kwenye mate na mikojo ya watoto wadogo."

Akauliza kama nyumbani kulikuwa na mtoto mdogo wakati wa ile mimba.

Hakuweza kuapa kwamba ndiyo chanzo, miaka ilishapita. Ila yule mtoto nilimleta mimi.

Somoe alikuwa ameshaolewa na mwingine. Hakunilaumu hata kidogo. Jamani, namkumbuka yule mwanamke mpaka leo.

Siku ile pale hospitali Zuhura alinitazama, akamwambia mama yake kitu kwa vidole. Nikauliza anasemaje.

"Anauliza huyu mgeni ni nani," Somoe akasema.

Wakuu, mkeo akiwa mjamzito, kamasi za mtoto zifutwe kwa kitambaa, mikono ioshwe, kijiko kiwe chake. Na ukisikia maneno ya watu, kaulize hospitali kabla hujafukuza mtu.

Povu ruksa. Ila mwenye kujua wanapofundisha watu wazima lugha ya alama, hasa huku kusini, anielekeze. Zuhura sasa ni mtu mzima, na lile swali bado sijamjibu.