Chai ya Mama Wakiuru

Mwai hutengeneza pampu za maji huko Doha. Akija likizo hukodi kindege Nanyuki na kuruka peke yake, maana mke hana, na marafiki wametawanyika. Siku ya kurudi kazini alizunguka saa nzima juu ya boma la mama yake, pale Chaka, akiinamisha mabawa kumsalimia. Mama Wakiuru akapunga leso.

Alipotua, simu ikalia.

"Ati unapita kwangu bila kuingia kunywa chai? Hata kunguru hutua!"

"Si nilikusalimia, mama."

"Kutoka huko juu?"

Akielekea Nairobi alipitia kwake. Chai ilikuwa moto sana, naye amechelewa. Akaipuliza akiwa amesimama.

"Si ukae kidogo, baba," mama akambembeleza.

Mwai akatazama saa, akaacha kikombe nusu. Muda wa kukaa na mama alikuwa ameumaliza angani.