Nakala ya Mama Gatesi

Xavérine aliuza karoti Goma miaka kumi na mmoja, na hadithi zake zote alizitungia kwenye foleni ya mpaka, gunia miguuni, simu mkononi. Wenzake wa Cyanzarwe, kijijini kwao upande wa Rwanda, walidhani anaandikiana na bwana. Kumbe alikuwa anawaandika wao. Kila Ijumaa aliwatumia kipande kwa WhatsApp, kimekatwa pale pabaya kabisa, hata wateja wa Goma wakawa wanaulizia hadithi kabla ya kuulizia karoti.

Ndipo akaamua kufanya kitabu cha kusomwa kwenye simu, akakiita Jirani wa Mlango wa Tatu. Yeye hakumtafuta mchapishaji, na mimi simlaumu, maana wale watu wanaweza kukuweka mwaka mzima ukisubiri uambiwe hapana. Alikichangisha kama harusi inavyochangishwa: unapita kwa ndugu, majirani na wateja, kila anayetoa anaandikwa daftarini, na siku yenyewe majina yanasomwa mbele ya watu. Yeye aliahidi kuyaweka ukurasa wa nyuma. Mchango huo ukamlipa msahihishaji, ukamlipa na Régis, fundi wa kadi za harusi mjini Gisenyi, aliyechora jalada.

Régis ndiye aliyeleta ujanja wa kuzuia wizi. Chini ya kila ukurasa paandikwe nakala ni ya nani, na sura ya mwisho ibaki ndani hadi Jumamosi, itumwe kwa walionunua tu. Xavérine, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, akaongeza la kwake kwenye kundi la wasomaji: atakayesambaza kitabu changu nitamtaja jina hapa hapa, na sura ya mwisho hataiona.

Nyumbani, mumewe Habumugisha alikuwa amevumilia miezi miwili bila karoti.

"Mama Ganza," alimwambia, "mwisho wa mwezi. Kitabu kikitulisha, uandike. Kisipotulisha, gunia lako liko nyuma ya mlango."

Alilisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana liliuma. Xavérine alijua kwamba akilichukua lile gunia tena, hataandika cha pili.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya sura ya mwisho, namba asiyoijua ilimwandikia kutoka Goma: "Mama, chapitre ya mwisho itakuja lini?" Akaitafuta kwenye orodha ya walionunua, haimo. Akamwomba mtu huyo amtumie ukurasa mmoja aone. Ukaja, na chini yake: Nakala hii ni ya Mama Gatesi.

Mama Gatesi alikuwa bibi aliyeanza kuzeeka, muuza makaa katika soko la Virunga kule Goma, mteja wake wa karoti tangu mwaka wa kwanza na mtu wa kwanza kabisa kuchangia kitabu. Kabla ya saa nne zilikuwa zimeingia namba nyingine sita, zote zinaulizia mwisho, zote zina nakala ile ile. Xavérine alimpigia mama huyo mara tano. Simu iliita tu.

Akaenda kwa Régis, simu mkononi.

"Saba wameniandikia. Wasioandika ni wangapi? Nimekwisha, Régis."

"Vuka kwanza, umuulize. Hasira hasara, Mama Ganza."

"Nilitoa neno mbele ya watu mia mbili. Nikinyamaza leo, Jumamosi kila mtu atasambaza."

Hapo hakuwa amekosea sana. Alikosea pale mkono ulipotangulia kuuliza. Aliandika kwenye kundi, amesimama vile vile mlangoni kwa Régis: "Mwizi wa kitabu changu ni Mama Gatesi wa Virunga. Nilimwona kama mzazi, kumbe nilikuwa nafuga fisi. Sura ya mwisho hataipata." Akaituma, akangoja idadi ya walioisoma ipande, kisha akamtoa kwenye kundi. Kwa dakika kama kumi hivi alijisikia vizuri. Tusidanganyane, kila mtu anaijua raha hiyo.

Kisha akaenda kuvuka, akamalizie ana kwa ana. Siku hizo mpaka ulikuwa ukifungwa saa tisa, na foleni ya petite barrière, kivuko cha waenda kwa miguu, ilifika barabarani. Alisimama saa mbili nzima akiyapanga maneno ya kumwambia yule mama, kila mara akipata lingine kali zaidi. Hakuandika hata mstari wa hadithi. Alipopata kijikaratasi chake cha kuvukia ilikuwa saa nane kasoro, akapanda pikipiki moja kwa moja hadi sokoni.

Hakumwona Mama Gatesi mara moja, kwa sababu ya watu. Wanawake kama thelathini walikuwa wamekaa juu ya magunia ya makaa na ndoo zilizopinduliwa, na katikati Pascasie, muuza maharage wa meza ya jirani, alikuwa anasoma kwa sauti kutoka kwenye simu. Xavérine aliyatambua maneno kabla ya kuitambua sauti. Yalikuwa yake.

"Mwandishi njo huyu!" Mama Gatesi aliinuka, mikono myeusi kwa makaa, akamkumbatia hivyo hivyo. "Miezi mbili hauonekane. Mi nikasema, labda iko mugonjwa."

Xavérine akafungua kinywa kuanza yale aliyoyapanga. Mama Gatesi alikuwa tayari ameinama chini ya meza, akatoa daftari la shule na bahasha iliyofungwa kwa mpira.

"Wewe ulisema mwenye kuchanga anaandikwa jina. Donc nikachangisha. Hawa hawana simu kubwa, Pascasie anawasomeaka. Wenye simu, wakishatoa yao, njo anawatumia. Majina iko humu yote. Franga ya huku haivukake kwa simu yangu kwenda kwenu, nikasema nitangoja akuje mwenyewe."

Daftari lilikuwa na majina kurasa nne, mwandiko wa Pascasie, namba za simu pembeni. Xavérine alizitambua zile saba za asubuhi. Wote walikuwa wamelipa. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

"Nilikupigia," alisema.

"Simu inakuwaka kwa kusoma, mwanangu. Tukiwa tunasoma, hatupokeake." Mama Gatesi aliichukua simu kwa Pascasie. "Na tena, iko message yako hapa tangu asubuhi. Mi sijuake kusoma, unajua. Pascasie anasema macho inamuuma. Nikauliza mwengine, naye macho. Bon, wewe mwenyewe umefika. Nisomee."

Pascasie alikuwa anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Hakuna mwanamke aliyeinua uso.

Xavérine aliishika simu. Angeweza kubuni, kutunga ilikuwa ndiyo kazi yake, na maneno matamu matatu yalimjia papo hapo. Lakini wanawake thelathini walikuwa wanangoja waone atasoma nini. Akasoma. Alisoma lote, hadi fisi, hadi sura ya mwisho hataipata.

Mama Gatesi alikaa juu ya gunia lake.

"Wameisoma watu ngapi?"

"Mia mbili na kumi na wawili."

"Bon." Alijifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole. "Andika ingine. Uitume kwa wale wale. Mi nasikiliza."

"Mama, nisamehe."

"Andika."

Ilikuwa saa nane na nusu. Xavérine alikaa kwenye makaa akaandika, akalitaja kila neno kwa sauti kabla ya kuligusa: kwamba yeye Xavérine alisema uongo, kwamba Mama Gatesi hakuiba, kwamba alimchangishia. Akafuta, akaanza upya, machozi yakidondokea kioo na kuharibu herufi. Alipomaliza, mpaka ulikuwa umebakiza dakika kumi. Akainua macho kumwangalia mama yule.

"Soma tena," alisema Mama Gatesi. "Kwa nguvu. Hawa wa nyuma hawakusikia."