Usiuache Wimbo wa Mwisho Uishe

Jina langu sitaliandika hapa, na ukifika mwisho utajua kwa nini. Mengine yote nitayasema vile yalivyotokea, kwa sababu yalitokea. Mimi ni mtu wa aibu. Hata mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, najibu nikiangalia dawati. Mtu kama mimi angetoa wapi ujasiri wa kutunga uongo kama huu?

Kwetu ni Skuta, hapa Nyeri, lakini likizo ya Agosti nilikuwa napelekwa Naro Moru kwa Cucu, nyanya yangu mzaa baba. Mimi ni mtoto wa kiume wa tatu, na unajua vile sisi hupeana majina: wa tatu huchukua la ndugu ya baba. Nilipewa la kaka mkubwa wa baba, aliyekufa kabla sijazaliwa. Na kwetu jina si la kuitia tu. Baba akiwa na furaha huniita "kaka". Cucu yeye huniita "mtoto wangu", si mjukuu, na chakula aliniwekea mbele ya kiti cha marehemu. Nilidhani ni utani mtamu wa wazee.

Anko huyo alikuwa pota, alibeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Kenya. Mgeni mmoja alimwachia rekodi, ile sahani nyeusi ya muziki, ya bendi ya roki ya ng'ambo. Jalada lake ni jeusi, na katikati kuna mlango mweupe ulio wazi kidogo. Najua umeliona. Liko kwenye fulana za vijana mjini Nyeri, limechorwa nyuma ya malori ya mchanga. Walioupiga muziki huo wamezeeka, wengine wamekufa, na bado unasikizwa na watoto ambao hata baba zao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Umewahi kujiuliza ni nini kinaushikilia hai hivyo?

Nitakwambia kilichonishika mimi. Siku ya kwanza nilipoiweka kwenye gramafoni ya Cucu, gitaa lilianza polepole, kama mtu anayebisha hodi akiogopa kusumbua. Kisha muimbaji akaingia, na kwa mara ya kwanza nikahisi kuna mtu mwingine duniani anayeogopa watu. Kizungu chenyewe nilikishika nusu. Nililia, niamini, na sikuwa na huzuni yoyote.

Cucu alikuwa na sheria moja. "Sikiza yote. Lakini ule wimbo wa mwisho, achana nao."

Sababu alinipa akimenya viazi. Anko na rafiki yake Ndirangu walikuwa wakipanda mlima pamoja. Asubuhi ya kuondoka walisikiza rekodi hiyo, halafu wakainua sindano kabla ya wimbo wa mwisho. Huo walikuwa wanausikiza wakirudi. Acha kitu nyumbani hakijaisha, walisema, na miguu itakurudisha. Safari moja ukungu uliwashukia. Ndirangu akarudi nyuma kuchukua mzigo ulioachwa, na hakuonekana tena, hata mwili. Anko alishuka peke yake. Wimbo ule hakuugusa tena mpaka mapafu yakamuua.

"Sasa Cucu, mtu akiucheza itakuwa nini?"

"Mimi sijui. Kwani ni wewe unataka kujua?"

Ni mimi. Simu ya kuingia mtandaoni sikuwa nayo, na wimbo ulikuwa pale, chini ya sindano. Wewe ungeweza kula chakula kitamu hivyo na uache tonge la mwisho kwenye sahani? Alasiri moja Cucu alienda kupeleka maziwa. Ukungu ulishuka kutoka mlimani hadi ua wa nyumba ukapotea. Nikaiacha sindano iendelee.

Ni wimbo mrefu. Gitaa linapanda polepole, linapumzika, linapanda tena. Nje mbwa alilia kidogo akaingia chini ya ghala. Halafu sauti ikaniita jina langu mlangoni.

"We! Ati umeanza bila mimi?"

Alikuwa mwanamume kijana, koti refu la mvua, buti zimelowa. Nywele zake zilikuwa na chembe za barafu, na ingawa alikuja akasimama karibu na moto, hazikuyeyuka. Alinitazama akacheka.

"Ndevu zilienda wapi? Mlima imekumaliza, unakaa mtoto wa shule!"

Hapo ndipo ningesema, mimi si yeye. Lakini nimelelewa nisimbishie mtu mzima, na aibu ilinifunga mdomo. Akaniita tena.

"Eeh," nikaitika.

Hilo ndilo kosa langu. Ukiitika jina, umekubali kuwa mwenyewe.

Nilimsogezea kiti cha marehemu. Akatikisa kichwa. "Hicho ni chako." Nikakaa. Yeye akachuchumaa kando ya gramafoni. "Ikiisha tunapanda. Ule mzigo bado iko pale juu. Nimeulinda sana."

Akatoa begani mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wetu huweka kwenye paji la uso wakibeba kuni. Akanivisha. Ulikuwa baridi kama chuma cha asubuhi, na ingawa haukuwa umefungiwa mzigo wowote, ulinivuta shingo nyuma. Miguu yangu ikaanza kusimama yenyewe. Ngoma ziliingia, gitaa likapaa. Na sasa nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata baba: nilitaka uishe. Ulikuwa mtamu kiasi kwamba nilitaka kuusikia mwisho wake, hata kama baada yake ni kwenda.

Cucu aliingia na mkebe wake mtupu. Hakupiga kelele. Aliongea kama anayeongea na kijana aliyechelewa kurudi nyumbani.

"Ndirangu, wacha huyo. Wako alishatangulia. Huyu ni mtoto tu, tulimpa jina."

"Mama, lakini ameitika."

"Ameitika kwa uoga."

"Ameitika," akasema tena, kwa heshima sana.

Cucu akachukua kile kisu cha viazi, akakivuta juu ya rekodi ikizunguka. Sindano ikaruka nyuma. Wimbo ukapanda tena hadi palepale, ukaruka, ukapanda, ukaruka. Ndirangu aliinamisha kichwa akingoja. Alingoja sana. Mwishowe akanivua mukwa akasimama.

"Bado haijaisha," akasema, na nilimwonea huruma. "Basi nitarudi."

Akaingia kwenye ukungu.

Paji langu la uso sasa lina bonde, kama lile la Cucu, aliyebeba kuni tangu akiwa msichana. Shuleni wananicheka, wananiita nyanya: "Shosh, leo kuni ziko wapi?" Nawaacha. Rekodi ile haiwezi kuisha tena, lakini simu za watu hazina mkwaruzo, na wimbo wenyewe haufi. Kwa kinyozi Skuta ulianza, nikatoka mbio kichwa kimenyolewa nusu. Juzi ulisikika ndani ya lori lililoegeshwa kwenye kituo cha mafuta. Niliziba masikio nikakimbia, ila nilijua utaisha tu. Siku hiyo jua lilikuwa kali, lakini jioni kizingiti chetu kilikuwa na alama za buti, na ndani yake chembe za barafu. Kisha nikaitwa kutoka nje, kwa upole, kama rafiki anavyoita. Niliuma blanketi. Sikuitika.

Naro Moru sijarudi. Nyumbani wote huniita "kaka" tu.

Kwa hivyo wewe, utaisikiza albamu hiyo, siwezi kukuzuia, kila mtu huifikia siku yake. Lakini ukiona kijana mwenye bonde kwenye paji anakuomba uzime kabla ya mwisho, zima, usimwulize. Na ikiwa unalijua jina langu, usiniite ukungu ukishuka. Mimi bado sijasikia wimbo ule unaishaje. Ukungu ukishuka hukaa nimeuma ulimi, na si kwa sababu ya woga peke yake.